UZI: Samaki waliotoka mwamba mmoja hawagombani hata ukiwaweka kwenye tangi. Kuna ukweli?

#1 Rahaleo_Mtw
Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini. Tangi langu la maji ya bahari limekamilika: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, yaani lita 300 likijaa mpaka ukingoni. Mawe yameshakaa, maji yanazunguka vizuri, amonia sifuri, naitraiti sifuri (hizo ni taka zenye sumu kwa samaki). Nimeweka vipande vichache vya matumbawe laini, nimevipata kwa mtu wa Dar anayevikuza mwenyewe. Kilichobaki ni samaki.

Wavuvi huku wananiambia kitu kimoja, na karibu kila mtu anakiamini: chukua samaki wako wote kwenye mwamba mmoja, hao wameshazoeana, hawatapigana. Orodha yangu ni hii: samaki wa anemoni wawili (wale wanaoishi kwenye anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri), kangaja wa bluu mmoja (yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la njano), damseli weusi wanne wenye doa jeupe kwenye paji na moja kila ubavu, kitatange mmoja, samaki msafishaji mmoja na kamba msafishaji. Wote nimewaona kwa macho yangu wakiwa mwamba mmoja, wanapishana bila ugomvi.

Je, watakaa salama? Wenye uzoefu naomba mseme.

#2 KoroshoGhafi
Naweka kambi hapa. Minada ya korosho mwaka huu imewaendea watu vizuri, wanahamishia bahari sebuleni!

#3 Nahodha_Msangamkuu
Hao wavuvi wamekwambia kweli. Mimi nimetega dema tangu ujanani. Unalivuta asubuhi, ndani kuna kangaja, tasi, vitatange, pono, wakati mwingine na chewa mdogo. Wamelala humo usiku kucha, nafasi ndogo kuliko tangi lako, na hukuti mmoja aliyejeruhiwa na mwenzake. Sasa niambieni, kama ni wagomvi mbona hawagombani humo? Samaki anajua jirani zake. Mlete mgeni kutoka mwamba mwingine ndipo utaona vita.

#4 Darasa_la_Baiolojia
Shikamoo Nahodha. Hoja ya dema ni nzuri, lakini naisoma tofauti. Ndani ya dema hakuna mwenye nyumba. Wote wameingia kwa bahati mbaya na wote wanatafuta mlango. Samaki wa mwambani hapigani kwa sababu ya chuki, anapigania pango lake, sehemu yake ya malisho na mahali pa kutagia. Mpe siku chache kwenye tangi achague pango, halafu mlete mwenzake. Hapo ndipo utamjua.

Kwa hiyo Rahaleo, swali la walitoka wapi ni dogo. Kubwa ni nani anaingia kwanza. Wapole waingie mwanzo, wakorofi mwisho. Kwenye orodha yako mkorofi namba moja ni huyo damseli mweusi. Akiwa mdogo ni mzuri mno na anajificha kwenye anemoni pamoja na samaki wa anemoni. Akikua anapita sentimita 10 na anafukuza kila kitu, hata mkono wako unaposafisha kioo. Wewe unataka wanne!

#5 Fundi_Vioo_Chikongola
Mnaongelea tabia, mimi naongelea vioo. Kangaja wa bluu anaogelea kutwa nzima, hatulii. Sentimita 120 kwake ni kwenda na kugeuka, kwenda na kugeuka. Nimetengeneza matangi ya watu kadhaa hapa mjini, na kangaja huyo alipowekwa kwenye tangi fupi alianza kupiga ubavuni mwa kioo. Anaona kivuli chake anadhani ni kangaja mwingine. Akichoka na kioo anahamia kwa wenzake. Bandika karatasi nyeusi upande mmoja au mbili kwa nje na uzime taa mapema. Anatulia.

Halafu kimo cha sentimita 50 umetumia kioo cha unene gani? Usiniambie milimita 6.

#6 Rahaleo_Mtw
Milimita 10 fundi, na juu nimeweka mikanda ya kioo. Meza ni ya mninga.

#7 Fundi_Vioo_Chikongola
Hapo sawa. Maji peke yake yanapita kilo 300, weka na mawe na kioo. Meza ya mbao laini ingeanza kuinama upande mmoja.

#8 Binti_Mikindani
Kuna sehemu ya kulala wageni huku kwetu (jina naliacha) walikuwa na tangi mapokezi. Kangaja wa bluu, damseli kadhaa na tasi mmoja mdogo, wote kutoka bahari hii hii. Damseli walikufa mmoja mmoja. Mwanzo watu walisema maji. Nikakaa pale nikisubiri mgeni wangu, nikamwona kangaja anavyofanya. Hang'ati. Anamsogelea mwenzake, anageuza ubavu, halafu anapiga mkia mara moja. Pale mkia unapoungana na mwili kila upande kuna mwiba mmoja unaokunjika, mkali kama wembe. Damseli aliyepigwa alikuwa na mkato mdogo ulionyooka nyuma ya tumbo, magamba yamesimama. Baada ya siku chache kidonda kikawa na ukungu mweupe.

Lakini ajabu, tasi hakuguswa. Na tasi alikula mwani ule ule anaokula kangaja. Nani atanieleza?

#9 Kitunda_Lindi
@Binti_Mikindani jibu ni miiba. Mapezi ya tasi yana miiba yenye sumu, kila mvuvi anaijua ilivyo akichomwa, usiku halali. Kangaja anamheshimu.

Ila mimi naongeza hoja ambayo hamjaigusa: NJAA. Kangaja ni mla mwani. Baharini anadonoa mwani kwenye mawe kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama. Watu wanamrushia kipande cha dagaa asubuhi na jioni, basi. Yule yupo kwenye njaa mchana wote, atamvumilia nani? Hapa Lindi ninafunga mwani kwenye jiwe kwa mpira wa kufungia noti, naweka asubuhi, ukiisha naweka mwingine. Kangaja wangu anaishi na samaki wadogo na hajamgusa yeyote.

#10 Nahodha_Msangamkuu
Kitunda umenisaidia. Mwambani chakula kipo, ndiyo maana hawagombani. Na hao kangaja wa bluu mimi nawaona wakipita kundi zima, wanashuka juu ya mwamba kama mbuzi kwenye shamba la mtu, wanakula pamoja. Kama ni wagomvi kwa asili wangewezaje kula kundi?

#11 Darasa_la_Baiolojia
Ni kweli Nahodha, wanafanya hivyo. Mara nyingi ni mwani unaolindwa na samaki mwingine, hivyo wanavamia kwa wingi ili mwenye shamba ashindwe kuwafukuza wote. Kundi likimaliza, kila mmoja huweza kurudi kwenye eneo lake akalilinda. Kwenye lita 300 hakuna pa kurudi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kwa samaki huyu hata fahali mmoja zizi hilo ni dogo.

#12 Dar_Kusini
Mleta mada, samaki wa anemoni unaomtaka ni yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, anayependwa na watoto? Huyo yupo tele Msimbati, usinunue.

#13 Tumbawe
Hapana mkuu. Huyo wa mistari mitatu (*Amphiprion ocellaris*) ni wa mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Bahari yetu hayupo. Wa kwetu ni hasa wawili: *Amphiprion allardi*, mweusi-kahawia mwenye mistari miwili myeupe na mkia mweupe, na *Amphiprion akallopisos*, wa rangi ya chungwa iliyofifia mwenye mstari mmoja mweupe uliopita mgongoni toka mdomoni mpaka mkiani. Wa mistari mitatu wanaouzwa Dar wengi wamezaliwa kwenye matangi huko nje, na kwa mtu anayeanza hao ndio wepesi. Wameshazoea chakula cha pakiti na hakuna mwamba uliopunguziwa kitu.

Kuhusu madai ya Nahodha, kwa samaki wa anemoni yupo sahihi kabisa, na ipo sababu. Wote huzaliwa madume. Kwenye anemoni moja mkubwa kuliko wote ndiye jike, wa pili ndiye dume lake, waliobaki ni wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume hugeuka jike na mdogo mmoja anapanda cheo. Ukichukua wawili wakubwa kutoka anemoni mbili tofauti, umechukua majike wawili, na watapigana mpaka mmoja afe. Ukichukua mkubwa na mdogo wa anemoni moja, umechukua mtu na mumewe.

#14 Nahodha_Msangamkuu
Nilisema mimi.

#15 Kitunda_Lindi
Kwa samaki mmoja tu Nahodha, usitangaze ushindi!

#16 Mama_Nuru
Naomba niseme jambo ambalo naona mnalipita haraka. Msimbati na Ruvula zipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hamuwezi kuingia na wavu na ndoo mkabeba samaki na mawe hai (vipande vya mwamba vyenye viumbe) kupeleka sebuleni. Hifadhi ile imetangazwa mwaka 1995 kama sikosei.

#17 Tumbawe
Asante Mama Nuru kwa kulileta. Mwaka tu nirekebishe: 1995 ni hifadhi ya Mafia, ya kwanza nchini. Ya Mnazi ni mwaka 2000, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 650. Zote zinasimamiwa kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Wakazi wa vijiji vilivyomo wanavua kwa utaratibu na kwa maeneo, lakini kuchukua tumbawe ni jambo jingine kabisa. Matumbawe magumu na farasi wa baharini wote pia wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata kuwavusha mpaka kunahitaji hati.

Na mimi nasema kwa uchungu. Mwamba uliopigwa baruti ukizama kuutazama unakuta kifusi, vipande vya tumbawe vinavyobiringika na mawimbi, hakuna mtoto wa samaki anayepata pa kujificha. Miamba yetu imepita kwenye baruti, ikapita kwenye joto la 1998 lililopausha matumbawe Bahari ya Hindi yote. Tusiiongezee ndoo.

#18 Rahaleo_Mtw
Nimewasikia. Mawe yangu ni ya saruji na chokaa niliyoyafinyanga mwenyewe, nikayaloweka maji baridi (yasiyo na chumvi) mpaka pH ikashuka. Hakuna jiwe lililotoka baharini. Samaki nitafuata kibali au ninunue Dar. Ila bado swali la nani na nani halijajibiwa!

#19 KoroshoGhafi
Kwenye orodha ya mleta mada mimi naona supu ya tasi imekosekana. Tasi wa nazi na ugali wa muhogo, tangi lishushwe jikoni.

#20 Binti_Mikindani
Korosho wewe njaa yako haina tofauti na ya kangaja wa Kitunda.

#21 Darasa_la_Baiolojia
Tuendelee. Kitatange: toa. Wengi wao chakula chao ni vichipukizi vya tumbawe. Wapo wa aina fulani wasiokula kingine kabisa, hao watakonda na kufa huku wewe umewawekea kamba wa kila namna. Wapo wanaokubali vyakula vingine, kama yule mweupe mwenye mistari ya mshazari na uzi mrefu unaotoka pezi la mgongoni (*Chaetodon auriga*), lakini naye atadonoa matumbawe yako laini na anemoni. Tangi la matumbawe na kitatange ni moja au jingine.

Kikande naye mtu asikushawishi, hasa yule mwenye michoro usoni. Atawamaliza kamba, kaa na konokono kwa taya zake. Na yule wa umbo la sanduku, wa njano mwenye madoa meusi, akishtuka au akifa hutoa sumu kwenye maji inayoweza kuua tangi zima, yeye akiwemo.

#22 Dar_Kusini
Msafishaji je? Huyo hana ubaya, anakula wadudu wa wenzake. Kila tangi liwe naye.

#23 Tumbawe
Hana ubaya kwa wenzake, tangi ndilo lenye ubaya kwake. Mwambani anahudumia samaki wengi sana kwa siku. Kwenye tangi lenye samaki watano waliosafishika, atakula nini? Wengi hufa kwa njaa polepole. Mwache baharini. Kamba msafishaji ni afadhali, yeye anakula mabaki pia.

Halafu kuna wa bandia. Nilionyeshwa ndoo na kijana mmoja, msafishaji mzuri, bluu na mstari mweusi. Nikasubiri ageuke nimwone kwa mbele: mdomo upo chini ya pua, umerudi nyuma kidogo. Msafishaji wa kweli mdomo wake upo mbele kabisa, ncha ya uso. Yule mwingine anaiga rangi na hata kucheza kwake, samaki anamkaribia ili asafishwe, anang'atwa kipande cha pezi. Wote wawili wapo bahari yetu.

#24 Nahodha_Msangamkuu
Hilo la mdomo ni kweli, hata mimi nawatofautisha hivyo. Ila bado hujajibu la dema.

#25 Fundi_Vioo_Chikongola
Nahodha, dema lina giza na matundu. Hakuna kioo! Hiyo ndiyo sababu hawapigani.

#26 Kitunda_Lindi
Dema lina chambo. Wameshiba.

#27 Darasa_la_Baiolojia
Dema halina mwenye nyumba. Narudia.

#28 Mama_Nuru
Nyote mnaweza kuwa sahihi, na mimi naongeza ya nne: hali ya maji. Ninalo tangi Lindi, na ninachokiona ni kwamba ugomvi unaanza miezi ya kaskazi. Machi hivi, chumba kinapata moto, maji yanapanda kufika nyuzi 30 na zaidi, hewa ndani ya maji inapungua, samaki wanahema haraka na wanakuwa wakali. Kusi likianza wanatulia wenyewe, samaki wale wale, chakula kile kile. Siku hizi naelekeza feni juu ya maji, inashusha nyuzi mbili hivi.

#29 Dar_Kusini
Feni inakausha maji, kumbuka kujazia maji ya bahari.

#30 Mama_Nuru
Hapana mwanangu. Kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia ya bahari kila siku chumvi inapanda tu. Jazia maji baridi safi mpaka alama, upime, ibaki gramu 35 kwa lita, au 1.025 kwenye haidromita, kile kipimo cha chumvi. Maji ya bahari ni ya kubadilisha, siyo ya kujazia. Na ukiyateka, teka maji yakijaa, mbali na mto. Sisi Lindi mvua zikinyesha Lukuledi inashusha matope mpaka kwenye ghuba, maji yanakuwa chai na chumvi inashuka.

#31 Binti_Mikindani
Umeme ukikatika usiku je? Maana mleta mada akilala usingizi wa pono ataamkia mazishi.

#32 Fundi_Vioo_Chikongola
Betri ya gari na pampu ndogo ya hewa inayotumia volti 12. Taa na hita ziache, kukosa hewa ndiko kunakoua kwanza.

#33 Rahaleo_Mtw
Asanteni sana. Nimepanga upya, nipigeni tena: samaki wa anemoni wawili, mkubwa na mdogo. Gobi mmoja na kamba wake wa kuchimba shimo. Visamaki vya usiku vyenye macho makubwa, wale wa familia ya kadinali, watatu. Kamba msafishaji. Kangaja namwacha mpaka nipate tangi refu. Badala ya damseli weusi nafikiria kundi la kromisi wa kijani, sita, hao wanasifiwa upole.

#34 Tumbawe
Gobi na kamba wake hapo umepata kitu cha kutazama. Kamba haoni vizuri, anachimba huku papasi lake moja limegusa mkia wa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wanazama shimoni. Weka mchanga wa kina cha kutosha na jiwe likae juu ya sakafu ya kioo, siyo juu ya mchanga, wasije wakalichimbia likawaangukia.

Kromisi mimi sikubaliani. Sita watakuwa watano, halafu watatu, mwisho mmoja mnene.

#35 Kitunda_Lindi
Hao wanapungua kwa njaa, siyo ugomvi. Walishe kidogo kidogo mara nne kwa siku.

#36 Darasa_la_Baiolojia
Wanapungua kwa sababu sita siyo kundi. Baharini wapo mamia, anayefukuzwa anapotelea kwa wenzake. Kwenye sita mnyonge anajulikana mchana kutwa.

#37 Mama_Nuru
Wangu walipungua kwa ugonjwa waliokuja nao. Chembe nyeupe mwilini, wanajikuna kwenye mawe. Kila anayeingia akae kwanza tangi la pembeni wiki nne mpaka sita. Na dawa ya shaba isiguse tangi kuu, inaua kamba na matumbawe.

#38 Nahodha_Msangamkuu
Au walitoka miamba tofauti. Muuzaji aliwachanganya ndoo moja, nani aliuliza? Rahaleo, Jumamosi maji yakikupwa njoo nikuonyeshe kromisi mwambani kwetu, uwatazame wenyewe wanavyokaa. Kutazama hakuhitaji kibali.

#39 Rahaleo_Mtw
Nakuja Nahodha. Naleta na miwani ya kuzamia. Kuna mwingine anayekuja?

#40 Fundi_Vioo_Chikongola
Mimi. Na kipande cha kioo nakileta, nikisimamishe mbele yao tuone.

#41 Kitunda_Lindi
Mlete na mwani.